Mluzi Katika Nyumba ya Eda

Jumatatu, 18 Agosti

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tundu la ndege limesafishwa, karatasi ya chini imebadilishwa. Maji mapya. Mtama vijiko viwili, ulezi kimoja, mbegu za alizeti kumi tu, maana zinamnenepesha. Manyoya ya kifua yaliyokutwa chini: saba. Jana yalikuwa matano. Anajinyonyoa mwenyewe. Sina shaka tena.

Kutwa nzima amepiga mluzi mara kumi na nne. Mara kumi na moja kati ya hizo zilikuwa baina ya saa kumi na saa kumi na moja alasiri, wakati ambao Athumani alikuwa akirudi kutoka bandarini. Ni mluzi wake hasa: sauti tatu zinazopanda, ya nne inashuka. Kisha ndege anasita. Anaelekeza mlangoni shavu lake lenye duara la rangi ya chungwa, kishungi kimesimama wima. Anangoja. Baadaye anaanza upya.

Sikuwahi kumpenda ndege huyu. Naliandika hili kwa sababu ni kweli. Athumani alimpata miaka mitatu iliyopita kwa afisa mmoja aliyekuwa anahama, akamwita Karani kwa jinsi anavyotikisa kichwa kama anayehesabu magunia. Ni kokateli, kasuku mdogo wa kijivu asiye wa nchi hii, na anamwaga maganda hadi juu ya vitabu vyangu. Alikuwa ndege wa mume wangu. Sasa mume wangu hayupo, na ndege ameachiwa mtu asiyejua hata kupiga mluzi.

Eda yangu imebakiza siku thelathini na nane. Baada ya hapo likizo inakwisha na narudi kazini, maabara ya maji. Karani atabaki peke yake kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa kumi. Lazima niamue jambo.


Jumatano, 20 Agosti

Nimesoma kila nilichoweza kupata kuhusu ndege wa aina hii. Waandishi hawakubaliani katika mengi, ila hili wanakubaliana: huyu ni ndege wa kundi. Akifugwa peke yake humfanya binadamu kuwa kundi lake, na binadamu huyo sharti awepo. Asipokuwepo, ndege hupiga kelele, au hunyamaza, au hujinyonyoa.

Akipewa mwenzake, moyo wake huhamia kwa mwenzake. Humwelekea binadamu kidogo zaidi. Sauti alizofundishwa na watu huweza kupungua, na kwa wengine hutoweka kabisa.

Kwa hiyo swali si ndege mmoja au wawili. Swali ni kama niko tayari kuupoteza mluzi wa Athumani ili ndege wake apate nafuu. Nimeliandika swali jinsi lilivyo, na sikulipenda.


Ijumaa, 22 Agosti

Leo wifi yangu Somoe, dada mkubwa wa Athumani, amekuja kutoka Mikindani bila taarifa. Aliteremka kwenye bajaji saa tisa na nusu. Chai alikataa. Alikwenda uani, akarudi. Alifungua mlango wa chumba cha wageni, akachungulia, akaufunga.

Ndipo akaketi. "Wifi, mimi si mtu wa kuzungukazunguka. Maneno yamefika mpaka sokoni kwetu. Wanasema kuna mwanamume anapiga mluzi ndani ya nyumba hii. Kila alasiri. Na eda haijaisha."

Nilikasirika sana. Miezi mitatu sijavuka kizingiti, sijapaka mafuta yenye harufu, sijavaa nguo yenye ua. Nilitazama saa ya ukutani.

"Kaa hapohapo, wifi," nikamwambia. "Bado robo saa. Utamwona kwa macho yako."

Uso ulimbadilika. Nakiri kwamba nilifurahia.

Saa kumi na dakika nane Karani alipiga mluzi. Somoe alisimama, mtandio ukamwanguka. Hakumtazama ndege. Alitazama mlango. Kisha akakunja midomo, akajibu: sauti mbili fupi, za chini.

Sijawahi kuona kiumbe akishtuka vile. Karani alijitupa kwenye nyaya, mabawa wazi, akapiga tena. Somoe akajibu tena. Walifanya hivyo mara sita, na kuanzia ya tatu Somoe alikuwa analia.

Alinieleza. Baba yao alikuwa na shamba kubwa la mikorosho upande wa Ziwani. Watoto wakitawanyika kuokota, yeye hupiga ule mluzi wa sauti nne, na kila mtoto hujibu kwa sauti mbili. Asiyejibu ndiye aliyepotea. Kumbe Athumani alimfundisha ndege wito wa baba yao, na yeye mwenyewe alikuwa akijibu kila alipoingia. Kwa miaka mitatu nilisikia yote haya nikiwa nimeinamia karatasi zangu, nikadhani ni mluzi mmoja wa mtu mmoja. Majirani nao walidhani vivyo hivyo.

Karani haigizi mume wangu. Anamwita. Tangu mwezi wa tano anaita, na hakuna anayejibu.


Jumamosi, 23 Agosti

Somoe amelala hapa. Asubuhi amenifundisha kupiga mluzi kwa muda wa saa nzima. Nilifuata maelekezo yote: ulimi, midomo, pumzi. Hewa tupu.

"Wifi, unapuliza uji wa moto," akasema. "Na digrii zako zote hizo!"

Karani alinitazama, akageukia ukuta.


Jumatatu, 25 Agosti

Amekuja Bi Rukia, muuguzi mstaafu anayefuga kokateli sita kwenye baraza yake ya nyuma huko Mikindani. Somoe ndiye aliyenipa namba yake, ili tu amtazame Karani kifua. Lakini Bi Rukia hakuja mikono mitupu. Alikuja na kitundu kilichofunikwa khanga, na ndani yake jike wa miezi minane.

Alimkagua Karani kwa mikono ya kiuguzi. Hana viroboto, hana vidonda. "Huyu hana ugonjwa, mwanangu. Ana upweke. Huo haupakwi dawa."

Nilimuuliza kuhusu mluzi. Hakunidanganya. "Akishapata wake, huenda akauacha. Huenda asiuache. Mimi nimewaona wa kila namna. Lakini usimchukue huyu jike ukitegemea kwamba hutapoteza kitu."

Masharti yake: siku thelathini jike akae chumba cha mbali, wasipeane ugonjwa wasioujua. Nami niamue katika siku hizo. Siku ya thelathini, ikiwa jibu langu ni hapana, atakuja kumchukua, wala hataona ubaya.

Siku ya thelathini ni tarehe 24 Septemba. Eda inakwisha tarehe 25. Sikupanga hivyo.

Jike yumo chumba cha nyuma. Uso wake ni wa kijivu, mashavu yamefifia, chini ya mkia ana mistari ya manjano. Ana woga. Hakula mpaka nilipotoka.


Alhamisi, 28 Agosti

Kuta mbili ziko kati yao, na bado wamesikiana. Jike hulia mlio mmoja mkali, kama mlango wenye bawaba kavu. Karani alikaa kimya muda mrefu, kishungi juu, halafu akajibu kwa mlio kama ule. Sikujua kwamba anao.

Manyoya: matatu. Mluzi: mara kumi na moja.


Jumatano, 3 Septemba

Manyoya: moja. Mluzi: mara saba.

Namwonea wivu ndege asiyefika gramu mia. Hili nalo liandikwe.


Ijumaa, 5 Septemba

Somoe amekuja na pweza aliyekaushwa na habari za mji. Lile neno la mwanamume limezimwa. Amelizima yeye mwenyewe, kwa kwenda nyumba kwa nyumba. Sasa wanasema nyumbani kwangu kuna jini la kasuku. Ameona ni nafuu.

Alipoona mlango wa chumba cha nyuma umefungwa, akauliza. Nilimweleza kuhusu siku thelathini. Alichungulia kwenye tundu la ufunguo.

"Astaghfirullah! Na huyu naye umemweka eda?"

Nilicheka. Nilicheka hadi nikashika ukuta. Ni mara ya kwanza kucheka katika nyumba hii tangu mwezi wa tano, na baadaye niliona haya, na haya yenyewe yakanichosha.

Kisha alielewa jike yupo kwa ajili gani, na kicheko kikaisha. Nilimweleza yote, pamoja na suala la mluzi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kama Karani anakuwa mzigo kwangu, yeye atamchukua. Kwake kuna watu kutwa, hatakuwa mpweke, na kila akiita atajibiwa.

Hoja yake ina nguvu. Nimeipima kwa haki. Nyumba ya Somoe ina paka wawili na jiko la kuni linalowaka tangu alfajiri, kwa kuwa anakaanga samaki wa kuuza. Moshi huua ndege wa aina hii upesi. Nilimwambia hivyo. Aliniambia nina majibu ya kila kitu.

Sikumwambia sababu ya pili. Sitaki Karani aondoke.


Jumapili, 7 Septemba

Nimerekodi mluzi kwenye simu. Majaribio manne, la tatu ni safi, pikipiki tu inasikika kwa mbali. Nimemtumia Somoe. Amejibu kwa alama tatu za mikono ya dua.

Nilidhani nimelimaliza tatizo. Sauti imehifadhiwa, ndege apewe mwenzake. Lakini simu haisiti baada ya sauti ya nne. Haigeuzi shavu mlangoni. Kilichohifadhiwa ni sehemu ndogo kuliko nilivyotarajia.


Jumatano, 10 Septemba

Kosa ni langu peke yangu. Naliandika kwa mpangilio.

Saa tisa alasiri nilimtoa Karani anyooshe mabawa sebuleni, kama kila siku. Nikiwa jikoni nilitaka kulinganisha jaribio la kwanza na la tatu. Niliongeza sauti ya simu. Sikufikiri.

Alisikia wito ukitoka upande mwingine wa nyumba, kwa sauti ambayo kwake haiwezi kuwa ya mtu mwingine ila Athumani. Aliruka. Alizunguka sebule mara mbili akiita, akajipigiza kwenye kioo cha kabati, akaanguka nyuma ya kiti, akainuka, akaruka tena kuelekea mlangoni. Nilipomfikia alikuwa ameng'ang'ania pazia, ukucha mmoja umevunjika kwenye mzizi. Damu ilikuwa inadondoka.

Nilimpigia Bi Rukia. Alinielekeza kwa utulivu: mfunike kitambaa, mshike bila kumbana kifua, bonyeza unga wa mahindi kwenye ukucha, hesabu hadi mia mbili. Nilihesabu. Nilihisi moyo wake mkononi, wa kasi isiyohesabika. Damu ilikoma nikiwa kwenye mia na arobaini. Niliendelea hadi mia mbili.

Hakuning'ata. Nilitamani aning'ate.

Nimefuta majaribio yote manne kwenye simu yangu. Lile la Somoe liko kwa Somoe, na litabaki huko.


Alhamisi, 11 Septemba

Amekula. Amesimama kwa mguu mmoja. Hakupiga mluzi hata mara moja. Nimekaa karibu naye kutwa.


Jumanne, 16 Septemba

Nimeamua, na hoja zangu ni hizi. Nilipokuwa nikiuliza kama niupoteze mluzi, niliuhesabu kuwa mali yangu: kumbukumbu, urithi, kitu cha kutunzwa. Jumatano iliyopita niliona mluzi ni nini kwa yule anayeupiga. Ni kumtafuta mtu. Kumweka ndege peke yake ili asiache kumtafuta mtu asiyekuja, kwa kuwa mimi napenda kusikia anavyotafuta, ni ukatili. Nimejaribu kupata neno laini zaidi. Halipo.

Jike atabaki.

Nilimpigia Somoe mwenyewe, asisikie kwa Bi Rukia. Akasema, "Wewe ni mtu wa vipimo, wifi. Maji haya yana hiki, maji yale yana kile. Haya niambie, sauti ya kaka yangu ina kipimo gani?"

Alikata simu.

Nimekaa na swali hilo hadi magharibi.


Jumamosi, 20 Septemba

Somoe amekuja. Hakugusia simu ya Jumanne. Alileta mihogo, akaimenya, akaichemsha, akanilazimisha kula. Saa kumi alivuta kiti hadi mbele ya tundu.

Karani alianza kupiga tena tangu juzi, mara chache. Leo alipiga mara nne. Nilimtazama Somoe midomo. Hakujibu. Mikono ilikuwa mapajani, imefumbatana, na kila sauti ya nne iliposhuka alifumba macho. Alimwacha ndege amalize, anyamaze, ashuke kwenye chakula chake.

"Mimi ndiye nilikuwa wa mwisho kujibu, siku zote," alisema baadaye. "Nilikuwa najificha makusudi, baba aite mara mbili. Kaka akawa ananitafuta na kilio juu, anadhani nimeliwa na chui."

Nikamuuliza kama Athumani aliwahi kumpata.

"Kila mara! Alikuwa hapigi mluzi hata kidogo. Anakuja mwenyewe kwa miguu."

Alifunga kilemba chake vizuri. Kabla ya kutoka alikwenda chumba cha nyuma, akafungua mlango bila kuniomba ruhusa, akamkagua jike kuanzia kishungi hadi mkia kama anayekagua mposwa.

"Mwembamba. Mlishe. Nyumba hii sasa ina wake wawili, na wewe mkubwa usiwe mchoyo."

Nilimsindikiza hadi kizingitini. Alinishika mkono muda mrefu kuliko kawaida yake.


Jumatano, 24 Septemba

Siku ya thelathini. Bi Rukia alifika saa tatu. Tuliweka matundu mawili ubavu kwa ubavu, nafasi ya kiganja kati yao. Hakuna aliyesogea kwa dakika ishirini. Halafu jike alisogea hatua moja kwenye kijiti. Karani alisogea hatua mbili kurudi nyuma. Bi Rukia alinong'ona, "Wanaume!"

Alasiri tulifungua milango. Jike aliingia kwa Karani kana kwamba ameelekezwa njia. Kulikuwa na kuzomeana kidogo juu ya chakula. Kisha jike aliinamisha kichwa mbele yake, shingo wazi. Karani alitazama shingo ile kwa kila jicho, la kulia na la kushoto. Akaanza kuichambua manyoya, taratibu, moja moja, kwa mdomo uleule uliokuwa unang'oa ya kwake.

Saa kumi ilipita. Sikuangalia saa. Ilipokuwa karibu na saa kumi na moja ndipo nilipotambua kwamba hakupiga mluzi.


Alhamisi, 25 Septemba

Eda imekwisha. Josho, dua, wanawake kumi na tisa, pilau. Somoe aliniletea gauni la buluu. Nilitoka hadi barabarani na kurudi. Jua lilikuwa kali kuliko nilivyokumbuka. Mwenye duka alinisalimu, nikamjibu kwa sauti ya juu mno.


Jumatatu, 29 Septemba

Kazini. Wamenisogezea meza dirishani. Sampuli ishirini na mbili, sikukosea hata moja. Saa sita nilikwenda chooni nikalia, nikanawa, nikarudi kwenye sampuli ya kumi na nne.

Nyumbani saa kumi na robo. Manyoya chini ya tundu: hakuna.


Alhamisi, 2 Oktoba

Amepiga mluzi mara moja, asubuhi, akiwa anatazama bakuli. Sauti tatu tu. Ya nne hakuimalizia. Jike alimgonga begani, naye akamgeukia.


Jumanne, 7 Oktoba

Nimerudi saa kumi na dakika ishirini. Nilifungua mlango polepole. Hakuna aliyeniita na hakuna aliyemwita yeyote. Wamekaa kijiti cha juu, bega kwa bega, na Karani alikuwa anatoa sauti ambayo sijaisikia kabla ya leo: ndogo, ya ndani, kama mchele unaopepetwa chumba cha pili. Hakuielekeza mlangoni. Aliitoa kwenye sikio la mwenzake.

Nilivua viatu. Nilivuta kiti, si karibu sana. Jike alinitazama, akaona mimi si kitu cha kuogopwa, akafumba jicho.

Kifua cha Karani kimeota manyoya mapya. Bado yamo ndani ya vifuko vyake vyeupe, mengi, kama ncha za kalamu. Nilitaka kuyahesabu. Mwanga ulikuwa umepungua na yeye alikuwa anasinzia, nikayaacha.